Baiskeli na Mpaka wa Nguvu za Mtu



Zamani mtu akionekana juu ya baiskeli katika njia ya mbali, watu walijua bila ya kuuliza kuwa ana haja: amebeba mkaa, au tenga la samaki, au anakwenda kumzuru mgonjwa, au anafuata deni lake. Siku hizi twawaona vijana wanaoondoka mjini baada ya sala ya Alfajiri, hawana mzigo ila chupa ya maji, wakaenda kilomita mia wakarudi jioni wamejaa vumbi. Na ukiwauliza walikwenda kufanya nini huko, watakujibu kuwa hawakuwa na shughuli yo yote. Walikwenda, wakarudi, basi. Baadhi ya wazee hucheka. Wengine hukasirika, wakaona kuwa ni kupoteza wakati na kuuchosha mwili bure. Tena wamo wazazi walioingiwa na khofu, na hao ndio waliotushikisha kalamu mwezi huu, kwani wametuuliza zaidi ya mara moja: Je, tumkataze kijana wetu? Ina faida gani safari isiyo na haja?

Sisi twaona kuwa safari hiyo ina haja yake, ijapokuwa vijana wenyewe pengine hawaijui kwa jina. Mtu huujua urefu wake kwa futi ya fundi wa nguo, na uzito wake kwa mizani. Ama nguvu zake hukisia tu, na katika kukisia hukosea kwa njia mbili: huyu akajidharau, yule akajitukuza. Baiskeli katika njia ndefu ni mizani iliyo rahisi kupatikana. Haina injini ya kukusaidia, wala haina umati wa kukushangilia. Uko wewe, na pedeli, na jua. Walakini mizani hii ina shida moja kubwa, nayo ni kwamba anayepimwa ndiye huyo huyo anayesoma kipimo. Shida hii ndiyo twataka kuizungumza, kwa sababu tumeona inawadhuru watu.

Kwanza tuanze na wenye ujuzi wa kazi. Yuko mzee mmoja mchuuzi wa samaki ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipakia tenga lake kwenye keria na kulipeleka vijiji vya juu, mwendo wa kilomita arubaini na kurudi, siku tano katika juma. Tulimwuliza amewezaje kwa umri wake. Akatujibu, "Mwalimu, baiskeli haipandwi kwa hasira. Mlima ukikushinda shuka ukokote. Samaki hawajui kama umekokota." Tukamwuliza, na wewe wajuaje kama mlima umekushinda na haujakuchosha tu? Akasema, "Nikiweza kuitikia salamu ya mtu wa njiani, bado sijashindwa. Nikiona salamu ya mtu yaniudhi, nateremka." Wataalamu wa mazoezi wana kipimo kama hicho, nao husema kuwa mtu anayeweza kuzungumza huku akienda hajapita kiasi chake cha mwendo wa siku nzima. Mzee hakusoma kitabu chao. Amesoma njia.

Sasa na tuende Ufaransa, kwani huko ndiko safari za namna hii zilikowekewa kanuni mapema. Mwezi wa Septemba 1891 gazeti la Le Petit Journal lilifanya mashindano ya kutoka Paris mpaka mji wa Brest, ulio ukingoni mwa bahari upande wa magharibi, na kurudi Paris. Jumla yake kiasi cha kilomita 1,200. Barabara zilikuwa mbovu, na baiskeli zilikuwa chuma kizito. Waliondoka watu zaidi ya 200, na waliomaliza ni kiasi cha nusu yao. Aliyetangulia alikuwa Charles Terront, aliyetumia saa 71 na dakika kadhaa bila ya kulala. Mshindani wake mkubwa, Jiel-Laval, alikuwa mbele yake kwa muda mrefu wa safari. Lakini usiku mmoja Jiel-Laval alishindwa na usingizi akalala, na Terront akampita gizani. Watu wakamsifu sana Terront. Sisi hatumpunguzii sifa yake, lakini twasema kuwa Jiel-Laval aliyelala akaamka akaimaliza njia yake naye ana somo la kutufunza, pengine lenye manufaa zaidi kwa mtu asiyetafuta zawadi.

Safari hiyo ya Paris na Brest ingaliko mpaka leo, ila si mashindano tena. Hufanywa kila baada ya miaka minne. Ya mwaka 2023 walianza watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi nyingi, wanaume na wanawake, na wengi wao si vijana, bali ni watu wenye wajukuu. Kila mmoja ana kijitabu chake, nacho hugongwa muhuri katika kila kituo. Muda wa mwisho ni saa 90 kwa kilomita 1,200. Ukigawanya utaona kuwa ni kilomita 13 na kidogo kwa saa. Mwendo ambao mchuuzi wetu wa samaki hawezi kuuona kuwa ni wa ajabu. Lakini ndani ya saa hizo 90 kumo kula, na kulala, na kuziba pancha, na kupanda milima ambayo jumla yake hupita meta 10,000. Mwaka 2007 mvua na upepo viliwaandama karibu safari nzima, na katika kila watu 10 karibu 3 hawakumaliza.

Jambo la kutazamwa khasa katika kanuni zao ni hili. Hapana mtu anayeruhusiwa kuingia katika safari hiyo kwa kusema tu kuwa yeye ana nguvu. Sharti kwanza, katika mwaka ule ule, amalize kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, kisha 300 kwa saa 20, kisha 400 kwa saa 27, kisha 600 kwa saa 40. Kilomita 200 za kwanza humfunza mtu chakula. Mia tatu humfunza giza. Mia nne humfunza usiku mzima, na mia sita humfunza kuamka asubuhi ya pili akapanda tena juu ya kiti ambacho jana alikilaani. Kila ngazi humwonyesha mtu udhaifu ambao ile ya chini yake haikumwonyesha. Nasi tuliokaa na watoto wa chuo miaka mingi twajua kuwa aliyeruka juzuu humdhihirikia aibu yake mbele, wala si pale aliporukia.

Tena wenyeji wa vijiji vya njiani, khasa usiku, huweka meza mbele ya nyumba zao, wakawapa wapita njia kahawa na maji na vitu vya kutafuna, wala hawataki malipo. Baadhi yao huomba kitu kimoja tu: ukifika kwenu, utuletee kadi ya posta. Khabari hii ilitufurahisha sana, nasi tumeitaja kwa sababu watu hudhani ukarimu kwa msafiri umekwisha duniani.

Tuseme sasa juu ya mipaka yenyewe. Wengi hudhani kuwa mtu ana mpaka mmoja, kama ukuta: utakwenda, utakwenda, kisha utaugonga. Sivyo. Ipo mipaka mingi, tena haifanani, na baadhi yake ni ya uongo.

Wa kwanza humjia mtu kwa jina la kuchoka, na kwa kweli ni njaa. Mwili huweka sukari ya akiba katika misuli na katika ini, nayo ni kiasi cha gramu 500 tu kwa mtu mzima. Kwa mwendo wa kadiri akiba hiyo hutosha saa chache. Mwenye kwenda mbio huimaliza mapema zaidi. Mafuta ya mwili ni mengi, hata kwa mtu mwembamba, lakini hayaungui upesi kama sukari, na ubongo hautaki kungoja. Basi akiba inapokwisha, mtu ambaye dakika kumi nyuma alikuwa akiimba, mara mikono yaanza kutetemeka, jasho la baridi lamtoka, kilima kidogo akiona kama Kilimanjaro, na moyo wake wajaa huzuni isiyo na sababu. Wapo wanaume wazima walioketi kando ya njia wakalia. Kijana asiyejua atasema, "Huu ndio mwisho wangu." Mpe ndizi mbili, au kashata, au tende kadhaa, na maji, mwache akae kivulini nusu saa. Utamwona ananyanyuka mwenyewe, tena akicheka. Huo haukuwa mwisho wake, bali ni mwisho wa alichokula asubuhi.

Kwa hiyo wenye ujuzi hula kabla ya kuona njaa, kidogo kidogo, kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo. Ndizi mbivu moja ina sukari na wanga kiasi cha gramu 25, na mwenye safari ndefu huhitaji kama mbili za namna hiyo kwa kila saa, au kitu kingine cha kadiri yake. Maji nayo yanywewe kwa kiu, pamoja na kitu chenye chumvi. Yuko anayekunywa maji matupu lita baada ya lita kwa kuogopa jua, akaipunguza chumvi ya damu yake mpaka kichwa kikamuuma na akili ikamchanganyika. Hilo nalo limewahi kuua watu katika mashindano marefu. Dafu moja na kipande cha muhogo wenye chumvi kando ya barabara ni dawa ambayo hatuna haja ya kuiagiza Ulaya.

Mpaka wa pili hauji mahali unapoungojea. Mtu huitengeneza miguu yake miezi mitatu, kisha safari ikamshinda kwa mikono. Mishipa ya fahamu ya kiganjani ikibanwa na usukani kwa saa nyingi, vidole viwili vya mwisho hufa ganzi, na hali hiyo huweza kukaa majuma kadhaa. Au kikamshinda kiti chake. Au ikamshinda shingo. Mwaka 1983, katika mashindano ya kuvuka Marekani toka pwani ya magharibi hata ya mashariki, Michael Shermer misuli ya shingo yake ilikataa kazi, hata hakuweza tena kukiinua kichwa kutazama mbele. Na mpaka leo hali hiyo huitwa kwa jina lake. Nani angalifikiri kuifanyia mazoezi shingo?

Lakini mpaka ulio mgumu kuliko hii yote ni usingizi, kwa sababu unamshika yule msoma mizani mwenyewe. Jure Robič, mtu wa Slovenia, alishinda safari hiyo hiyo ya kuvuka Marekani mara tano, ya mwisho mwaka 2010. Njia hiyo ni kiasi cha kilomita 4,800, naye alikuwa akilala muda mchache mno kwa siku. Yasimuliwa kuwa akili yake ikivurugika alikuwa akiona maadui wasiokuwapo, na aliwahi kushuka apigane na masanduku ya barua ya kando ya barabara. Je, mtu kama huyo aulizwe, "Unaonaje, waweza kuendelea?" Atajibu nini, na jibu lake litakuwa na maana gani? Kwa hiyo wenzake waliomfuata kwa gari walikuwa na makubaliano naye: akili yake ikishakwenda, wao ndio akili. Wao huamua ale nini, alale lini, apunguze wapi. Yeye kazi yake ni kupanda tu. (Robič alifariki mwaka huo huo wa 2010 kwa kugongana na gari kwao Slovenia, akiwa katika mazoezi, si katika mashindano.)

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Uchovu hauichoshi miguu peke yake. Humchosha na hakimu. Mwenye njaa hujiona dhaifu kuliko alivyo, na mwenye usingizi au mwenye kusifiwa hujiona mzima kuliko alivyo. Basi hukumu ya kugeuka au ya kuendelea yataka kutolewa asubuhi, mtu akiwa ameshiba na akili yake iko timamu, tena mbele ya shahidi.

Yuko mwanachuoni wa Afrika Kusini, Profesa Tim Noakes, aliyesema kuwa ubongo hukaa kama mlinzi, huupunguzia mwili mwendo kabla haujafika penye madhara, na kuwa uchovu ni sauti ya mlinzi huyo. Wapo wanaompinga, na mjadala wao ni mrefu. Lakini hata kama neno lake si kamili, twajua yampatayo mtu amzibaye mlinzi mdomo. Tarehe 13 Julai 1967, Tom Simpson, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alikuwa akiupanda mlima Ventoux katika mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa. Jua lilikuwa kali kupita kiasi, na tumbo lilikuwa limemharibikia siku zilizotangulia. Mwilini mwake yalikuwamo madawa ya kuchangamsha aina ya amfetamini, na ulevi juu yake. Karibu na kilele akaanza kuyumba, akaanguka. Akapandishwa tena juu ya baiskeli, akaenda kidogo, akaanguka mara ya pili, asiinuke tena. Umri wake ulikuwa miaka 29. Dawa haikumwongezea nguvu ambazo hakuwa nazo. Ilimwondolea tu khabari ya kwamba nguvu zimekwisha.

Msomaji asidhani kuwa mambo hayo ni ya Ulaya na ya mabingwa. Hapa mjini kwetu Tanga vijana wawili, majina yao hatuyataji, walipatana kwenda Korogwe na kurudi siku moja, karibu kilomita 200. Mmoja wao mjomba wake alimwambia usiku wa kuamkia safari, "Mwanangu, adhana ya Adhuhuri ikikukuta hujafika Korogwe, geuza hapo hapo, wala usitafute sababu." Naye akaitika, "Inshallah, mjomba." Basi walipata pancha mbili njiani, wakachelewa, na Adhuhuri ikawakuta Segera. Kijana yule akasali, akala, akageuza. Mwenzake akamcheka, akaendelea. Huyu wa pili alikuwa amemeza vidonge viwili vya diklofenaki tangu asubuhi, vile vya maumivu vinavyouzwa katika kila duka la dawa, ili mapaja yasimuume. Na alasiri akameza vingine. Maji aliyokunywa yalikuwa machache. Alirudi saa nne ya usiku, watu wakampokea barazani kama aliyetoka vitani, na yule wa kwanza wakamwita Bwana Segera.

Kesho yake mapaja ya shujaa yalikuwa yamevimba, na mkojo wake rangi ya chai kavu. Aliona haya kusema. Siku ya pili akamwambia mama yake, na mama hakungoja, akampeleka hospitali. Waganga walieleza kuwa misuli iliyochoshwa kupita kiasi huvunjika, na taka zake zikaingia katika damu, na kazi ya kuzichuja ikaziangukia figo. Na figo zenyewe zilikuwa zimekosa maji, tena zimebanwa na vidonge vile. Akatundikiwa dripu, akalazwa siku nne. Alhamdulillahi alipona. Lakini mama yake alituuliza neno ambalo hatukuweza kulijibu upesi: "Mwalimu, mbona mwenzake aliyerudi salama ndiye anayechekwa?"

Swali hili latupasa sisi watu wazima, wala si la watoto peke yao. Kwani waliomwita Bwana Segera hawakuwa vijana watupu. Walikuwamo na wazee, wamekaa na vikombe vyao vya kahawa, na wengi wao miaka ishirini hawajapanda hata kilima cha sokoni. Kijana yule alikwenda Segera na kurudi, kilomita zipatazo 140 juani, akala kwa wakati, akasali kwa wakati, akafika nyumbani akiwa na nguvu za kuosha baiskeli yake. Anaujua mpaka wake wa siku ile ulipo. Mwenzake haujui mpaka sasa, kwa sababu aliupita huku amejifumba macho kwa vidonge.

Na mpaka hausimami pale pale, hili nalo vijana walijue, wasidhani kuwa aliyegeuka leo amefungiwa daima. Mwaka 1938 msichana wa Kiingereza, Billie Dovey, aliazimu kupanda baiskeli kila siku ya mwaka ule ili aone atafika wapi. Baiskeli yake ilikuwa ya kawaida, yenye gea tatu, na mizigo yake michache. Mwaka ulipokwisha alikuwa amekwenda maili zaidi ya 29,600, yaani wastani wa kilomita 130 kila siku, mvua na theluji kumo ndani. Siku ya wastani katika hizo kijana wetu wa Tanga asingeiona kuwa ya ajabu; ajabu ni kuziunga zote. Naye aliishi mpaka akatimiza miaka 100. Mwaka uliofuata, 1939, mwanamume aitwaye Tommy Godwin alikwenda maili 75,065 katika mwaka mmoja, akaendelea hata alipotimiza maili 100,000 katika siku 500. Na aliposhuka ilimpasa kujizoeza kutembea kwa miguu kwa muda wa majuma. Rekodi yake ya mwaka haikuvunjwa mpaka 2016, na mwaka 2017 ikapitwa tena na mwanamke, Amanda Coker wa Marekani, kwa maili zaidi ya 86,500. Twawataja wanawake hawa kwa makusudi, kwa kuwa baadhi ya wazazi wametuandikia kana kwamba jambo hili lina sura moja tu. Binti aliyevaa vazi lake la heshima, mwenye ndugu yake au wenzake pamoja naye, katika njia iliyo salama, hatuoni la kumzuia asiujue mwili wake kama kaka yake anavyoujua.

Basi kwa wazazi waliotuuliza, jawabu letu ni kwamba msikataze, lakini msiruhusu hivi hivi. Mwanzo uwe njia fupi na inayojulikana. Sisi tulio Tanga tunayo njia ya Pangani, kiasi cha kilomita 50, upepo wa bahari haupo mbali. Aende akalale kwa jamaa, arudi kesho. Akiweza hivyo mara tatu bila ya kuugua wala kununa, aende na kurudi siku moja. Kisha ndipo yazungumzwe ya Korogwe. Kila safari iwe na saa ya kugeuka iliyotajwa kabla, na atajiwe mtu mwingine, si yeye na nafsi yake tu. Wasiende mmoja mmoja. Tena kila mmoja apewe haki juu ya mwenzake: akimwona anayumba, au anajibu yasiyoulizwa, au ngozi yake yawaka moto naye asema aona baridi, amteremshe kwa nguvu, amweke kivulini, ammwagie maji mwilini na kumpepea, na atafute gari la kumfikisha hospitali. Hapo hapana kushauriana na mgonjwa. Vidonge vya maumivu vikae nyumbani. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, asione haya kusema usiku ule ule.

Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kupimana. Atakaye kunyoosha miguu apande taratibu karibu na nyumbani, muda mchache kabla ya kufuturu, na safari ndefu zingoje Shawwal.

Ama khatari ya barabara kuu, hiyo yataka makala peke yake. Kwa sasa tuseme kuwa mabasi ya njia ya Segera na Chalinze hayamwoni mpanda baiskeli kama anavyojiona mwenyewe. Mwanga wa nyuma uwe mwekundu na uwake, shati liwe jeupe au la rangi kali, breki zikaguliwe na fundi siku moja kabla, na wakiwa wengi wafuatane mstari mmoja. Mwenye kwenda mbali achukue tyubu ya akiba, pampu na viraka, kwani pancha mbili ndizo zilizomfikisha Adhuhuri yule kijana wa Segera.

Vijana wenye safari zao za mwaka huu watuandikie, nasi tutachapa barua tatu au nne nafasi ikiturukhusu. Waandike walikofika, na saa walizotumia, na walichokula. Na waliogeuka njiani waandike jina la mahali walipogeukia na sababu yake.